Ni Onyo Tu, Achana Nalo!

Nkt! Hawa vijana wetu wa kompyuta watatupandisha presha bure. Keti kijiweni Umoja, hapa Nairobi, jioni yoyote, utamwona mmoja amefungua laptopu mapajani, anaiamuru kompaila yake ya zamani, ile programu ya kutafsiri msimbo kwa mashine, isome kazi yake ya C, na kioo kinajaa maandishi ya zambarau juu hadi chini. Maonyo! Hapa kuna kigeu kisichotumika, pale kaita fankisheni isiyojulikana ilikotoka. Ukimwuliza, "Kijana, na hayo yote?" anakujibu bila kukutazama: "Ni maonyo tu, mzee. Si imekubali?" Imekubali! Ala!

Tena tusiwaonee vijana peke yao, maana wakubwa ndio waliowafunza. Hebu sikia hili ushike mdomo. Ile tabia ya kuita fankisheni ambayo hujaitangaza ilipigwa marufuku katika lugha ya C na kiwango cha mwaka 1999. Marufuku, jamani! Lakini kompaila ya GCC ikawa inanung'unika kidogo, halafu inapitisha. Imenung'unika hivyo hivyo hadi Mei 2024, toleo la 14, ndipo ikasema basi, hili sasa ni kosa. Robo karne! Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Pumwani mwaka ule alikuwa ameshamaliza chuo, anazunguka na bahasha kutafuta kazi. Na si jambo dogo hilo. Fankisheni isipotangazwa, kompaila ya zamani hukisia kwamba inarudisha namba ya kawaida. Kumbe inarudisha anwani ya biti 64. Anwani inakatwa, zinabaki biti 32, na programu inaanguka mbele ya mteja huku mwenyewe akilaumu umeme.

Lakini onyo lisilokuzuia kitu nani analisoma? Vibao vya mwendo vya Jogoo Road viliwahi kumpunguza dereva gani wa matatu? Mpaka Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alipoleta kanuni zake: mikanda kila kiti, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, gari lenyewe likatae kuzidi hapo. Wangapi walitembea kwa miguu siku zile matatu zilipokosekana! Haukupita muda, mafundi wakajua jinsi ya kuzichezea hizo gavana. Binadamu, woi!

Na wenye kompyuta ni wale wale. Lugha ya Go, iliyotolewa na Google mwaka 2009, haina mzaha: kigeu cha ndani ya fankisheni kisipotumika, programu haijengeki. Watungaji wake wanashikilia kwamba jambo likistahili kulalamikiwa, linastahili kurekebishwa. Sasa wewe umezima mstari mmoja tu ili uwinde hitilafu, kompaila inakugomea kwa ajili ya kigeu kilichobaki bila kazi. Watu wanafanyaje? Wanakitupia kwenye kistari cha chini, kompaila inaamini kimetumika. Gavana imechezewa hiyo!

Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, yalimkuta. Septemba 2021 aliamua maonyo yote katika kiini cha Linux yahesabiwe makosa. Makelele yakazuka, kwa sababu kompaila hazifanani, na toleo jipya huja na maonyo yake mapya. Kilichojengeka jana leo kinakataa. Hazikupita siku nyingi akalegeza kamba, ikabaki hasa kwa ujenzi wa majaribio.

Mimi nasema hivi, na anayebisha asogee karibu. Kinachovunja sheria ya lugha kisimamishwe papo hapo, hakuna cha kunung'unika. Kigeu kilichosahaulika kipewe onyo mtu akiwa bado kazini, mikono ina tope. Ila siku ya kukabidhi, washa -Werror, ile swichi inayogeuza kila onyo kuwa kosa, kwa kompaila ile ile uliyoizoea, na lisipite hata moja, kwa maana lile onyo la anwani iliyokatwa hujificha katikati ya takataka mia. Na yule atakayeizima usiku huo ati mteja anapiga simu, aki huyo ndiye ninayemtafuta.