Sifa za Simu Kimeo

Hakuna nyumba Lushoto isiyokuwa na simu kimeo. Iko kwenye droo, juu ya kabati au ndani ya kopo la misumari: kitochi kilichoingia maji, simu janja iliyopasuka kioo, nyingine isiyoshika chaji. Imejaza nafasi, watoto wanaigombania, na mwenye nyumba hajui aipeleke wapi. Watu wanaiita kero. Mimi naisifu, na sifa zake nazitaja moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni asili yake. Kobalti iliyomo kwenye betri huenda ilichimbwa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Tantali yake huenda ilitoka kwenye koltani ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, ambako wachimbaji hutumia sururu na koleo. Humo humo mna shaba, bati, fedha na dhahabu. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayosababishwa na simu janja hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla mnunuzi hajaiwasha. Gharama hiyo ilikwisha kulipwa na ardhi na jasho la watu wengine, kwa hiyo kila mwaka tunaoongeza kuitumia ni namna ya kuwaheshimu.

Ya pili ni subira. Kabichi ya Mlalo ikikosa lori inaoza shambani, na nyanya haziwezi kungoja bei ipande. Simu kimeo ni zao lisilooza: hukaa miaka kumi bila kupoteza chembe ya madini yake.

Ya tatu ni utajiri. Tani moja ya mawe ya mgodi wa dhahabu kwa kawaida hutoa gramu chache. Tani moja ya simu chakavu hutoa zaidi ya gramu 100. Wajapani walionyesha utajiri huo mbele ya dunia nzima. Kati ya mwaka 2017 na 2019 walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vya elektroniki, zikiwemo simu milioni 6.21, wakapata kilo 32 za dhahabu pamoja na fedha na shaba. Medali zote za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo, zipatazo 5,000, zilitokana na madini hayo.

Ya nne ni ukarimu. Fundi simu wa Soni au Bumbuli akifungua kimeo hupata spika, kamera na kitundu cha chaji, akavifunga kwenye simu ya mteja mwingine. Kazi hiyo haihitaji mgodi mpya wala meli ya kuleta mzigo kutoka Asia. Mafundi hawa wanahifadhi mazingira kila siku, na wanastahili kuhesabiwa hivyo.

Ya tano ni kwamba hailaghai mtu: hurudisha kile ilichotendewa. Ukiichoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, plastiki na nyaya zake hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo dioksini. Ukiitoboa betri ya lithiamu, inaweza kuwaka moto. Ukiitupa korongoni, risasi iliyomo kwenye lehemu za simu za zamani haiozi, na milima hii ya Lushoto ni chanzo cha maji ya wengi. Maji ya Soni huingia Mkomazi, kisha Pangani. Mto Umba huanzia msitu wa Shagayu, hupita Mlalo na kumwaga maji baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Lawama hapo ni ya aliyetupa.

Ya sita ni elimu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zenye namba tambulishi bandia. Watu waliamka na simu zinazowaka lakini haziwezi kupiga. Vimeo vile vilitufundisha kubonyeza *#06# kabla ya kununua na kuihakiki namba inayotokea, kwa sababu simu bandia ni taka inayouzwa ikiwa mpya.

Pamoja na sifa zote hizo, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Tanzania ina Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka hizo, na wanaozikusanya wanatakiwa wawe na kibali cha mamlaka za mazingira. Rwanda wana kiwanda cha kuzishughulikia huko Bugesera. Kinachokosekana kwetu milimani ni mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu ikiharibika ipeleke kwanza kwa fundi. Isipopona, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa picha na taarifa zako, umwachie fundi achukue vipuri. Betri iliyovimba usiibonyeze wala kuichaji. Iweke mbali na moto na watoto, na usiichanganye na taka za jikoni.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto nina ombi moja: wekeni sanduku la simu chakavu kwenye kila soko kubwa, na mwafikiane na mkusanyaji mwenye kibali. Malori ya mboga yanateremka Mombo kila siku kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Njia ya kufikisha mazao yetu mjini tunaijua tangu enzi za babu zetu. Simu kimeo nazo zipewe nafasi kwenye safari hiyo, betri zake zikiwa zimetengwa na kufungwa vizuri.