Feni Isiyotoa Upepo

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. "Feni nzuri, mwanangu," alisema, "ila upepo wake hautufikii huku."

Sebule nzima iliangua kicheko. Mpaka leo nikisikia watu wanacheka uani najua ni mimi.

Kilichokuwa mezani hakikuwa feni. Ilikuwa kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu, vipande nikavichagua kimoja kimoja Kariakoo kwa bajeti ya laki nane, na watu nilikuwa nimewaita mwenyewe waje waone ikiwaka. Na iliwaka! Feni tatu za mbele zilizunguka, taa zikapiga nyekundu, zikapiga buluu, zikapiga kijani, watoto wakashangilia. Skrini peke yake ndiyo iliyosusa. Iliandika kwamba haipokei kitu, kisha ikalala. Nikachomoa waya wa HDMI, nikaupuliza, nikauchomeka. (Kwa nini tunapuliza waya? Hakuna ajuaye, ila wote tunapuliza.) Nikazima, nikawasha. Taa zikapiga nyekundu, zikapiga buluu. Shemeji yangu, ambaye laptop yake alipewa kazini na hajawahi kujiuliza ndani yake kuna nini, akanishauri kwa upole kwamba labda haina chaji.

Kesho yake nililipakia kasha kwenye bajaji, nikalipeleka kwa fundi Mtaa wa Aggrey. Kijana mdogo, amevaa taa kichwani. "Shikamoo mzee," akaanza, na hapo tu nikajua siku imeharibika. Hakufungua hata skrubu moja. Aliniomba boksi la prosesa, akaligeuza, akaweka ukucha wake juu ya herufi ya mwisho ya jina.

"Mzee, hii ni F."

"F ndiyo nini?"

"F haina picha."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza abiria wapande. Dada aliyekuja kubadilishiwa kioo cha simu akanitazama kwa huruma, akahamisha mkoba wake ili nipate pa kukaa.

Haina picha. Ngoja nieleze, kwa sababu jambo lenyewe ni tamu hata kwa mtu liliyemtia hasara. Sisi wengine tumekua tukiamini kwamba tundu la HDMI lililo nyuma ya kompyuta ndilo linalotoa picha, basi ukiliona tundu, picha ipo. Kumbe lile ni mlango tu. Mchoraji anakaa mbali, ndani ya prosesa: pembeni mwa vile viini vinavyopiga hesabu kuna sehemu ya grafiki, nayo ndiyo inayochora kila herufi na kila dirisha unaloliona. Kazi yake inapita kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, na kutokea pale nyuma. Mchoraji asipokuwepo, mlango unabaki palepale, waya unaingia vizuri kabisa, na hakuna anayetoka. Waliotengeneza mazabodi waliuweka mlango kwa sababu hawakujua utaipachika prosesa gani. Hawakudanganya. Ila penye tundu lenyewe hawakuandika, hata kwa maandishi madogo, kwamba huenda likawa pambo.

Sasa nani akae chini atengeneze prosesa isiyo na picha? Wapo wanaofanya hivyo makusudi, ila F yangu haikuzaliwa hivyo. Hapo ndipo nilipokesha nikisoma, mama watoto ananiita nikalale, mimi naitikia bila kunyanyuka. Prosesa zinaanzia kwenye silikoni, ambayo imo kwenye mchanga wa kawaida. Silikoni inasafishwa kwa kiwango cha ajabu, inayeyushwa, inakuzwa kuwa gogo moja la fuwele, kisha gogo linakatwa sahani nyembamba zenye upana wa milimita 300. Juu ya sahani moja zinachapwa prosesa kwa mamia, tabaka juu ya tabaka, na kinachochapa ni mwanga. Mashine za kisasa kabisa za kazi hiyo zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Ndani yake yanadondoshwa matone ya bati lililoyeyuka, na leza inayapiga matone hayo 50,000 kila sekunde, yote hayo ili upatikane mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 13.5. Nilirudia mstari huo mara mbili. Prosesa yangu, kwa bei ile, sidhani kama ilipita hata jirani na mashine hiyo, lakini kwa muda nilijiona ni mtu mwenye uhusiano na Uholanzi.

Pamoja na ustadi wote huo, kipo kitakachoharibika. Chembe moja isiyoonekana ikitua mahali pabaya, sehemu hiyo imekufa. Kwa hiyo kila kipande kinapimwa. Chenye viini vibovu viwili, vinazimwa hivyo viwili na kipande kinauzwa kwa jina la mdogo wake. Chenye grafiki mbovu, grafiki inazimwa, inaandikwa F, bei inashuka kidogo. Ni kama mama wa nyanya pale sokoni: zilizobonyea anazitenga, zinapata fungu lake na bei yake, nyumba nyingi tumekula mchuzi kwa fungu hilo. Tofauti ni kwamba mama wa nyanya anakuonyesha penye jeraha. Tena wapimaji wanajua kwamba soko likihitaji za bei ya chini kuliko zilizoharibika zenyewe, hata iliyo nzima inaweza kuzimwa ili idadi itimie. Sijawahi kumwona mama wa nyanya akibonyeza nzima kwa kidole apate kujaza fungu la jumla.

Muuzaji wangu aliniambia nini? "Chukua F, bosi. Nguvu ileile, bei nafuu." Na ni kweli! Nguvu ni ileile. Niliokoa shilingi elfu arobaini. Kadi ya grafiki, ile ndogo kuliko zote dukani kwa yule kijana, ambayo kazi yake ni kutoa picha basi, ilikuwa laki moja na ishirini.

Kijana alikuwa na ya bei nzuri zaidi kwa nguvu yake, alisema, akaitoa chini ya meza: kadi kubwa, feni mbili, imefutwa futwa. Ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini, akiitumia kuandikia barua. Niliigeuza. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi, na kwenye kingo kulikuwa na mafuta yaliyogandamana na vumbi, yale yanayovuja kwenye vipande laini vya kupozea kadi inapochemka miezi na miezi. Mpaka Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za grafiki, zimepangwa safu kwa safu kwenye mabohari, usiku na mchana bila kupumzika. Uchimbaji huo ulipokoma, kadi zikamwagwa sokoni dunia nzima. Mama wa ofisini alikuwa na barua nyingi sana za kuandika. Nikachukua ile ndogo.

Hapa naomba niache mzaha kidogo. Video zote nilizotazama zinaitwa kompyuta ya bajeti. Kijana wa Ulaya anasimama mbele ya meza safi, anasema bajeti ni dola 500, anafungua maboksi, kimoja kikikataa anacheka, anakirudisha, wiki ijayo anaendelea. Ana haki ya kucheka. Katika Umoja wa Ulaya, ukinunua kitu mtandaoni una siku 14 za kukirudisha bila hata kutoa sababu, ni sheria. Mimi risiti yangu ina muhuri wa wino wa zambarau: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nilirudi na ile prosesa ikiwa haina mkwaruzo, nikaomba kuongeza pesa nipewe yenye picha. Muuzaji aliuonyesha muhuri kwa kidole, hakusema neno, akaendelea kula chipsi. Kwa hiyo tukisema bajeti, mimi na kijana wa Ulaya, hatuzungumzii kitu kimoja. Bajeti yake ni bei ya vipande. Yangu lazima iwe na bei ya vipande na bei ya kubahatisha, na ya pili ndiyo kubwa. Mwenye kidogo ndiye anayetakiwa ajue kila kitu kabla ya kununua, na ndiye asiyepewa kitu chochote cha kujifunzia. Usiniambie ninunue kompyuta iliyotumika ofisini huko kwao nikaiongezee kadi. Nyingi ya hizo pawa saplai yake ina plagi ya umbo lake peke yake, ikifa hutaipata Kariakoo wala popote.

Pawa saplai yenyewe. Nilinunua ya wati 500, ina nembo ya 80 Plus. Nembo hiyo ilianza mwaka 2004, na maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia unafika kwenye kompyuta, haupotei kwa joto. Muuzaji alinieleza kwamba maana yake imetumika kidogo, bado iko asilimia themanini. Ningeshtuka hapo. Ningeshtuka pia nilipoiinua kwa vidole viwili, maana pawa saplai ya kweli ina transfoma na koili za shaba na makapasita na mabapa ya kupozea, na vitu hivyo vina uzito wake. Nyepesi maana yake ni kwamba vingine vimeachwa kiwandani na stika ya wati 500 imebandikwa kwa imani. Umeme ulikatika jioni moja, uliporudi ikatoa mlio mfupi na moshi mweupe.

Ramu niliyouziwa kwanza ilikuwa ya laptop. Kasha halikufunga, kipoza ni kirefu. Skrubu moja imo humo ndani mpaka sasa, naisikia.

Sasa natafuta stabilaiza, umeme usinirudie tena. Juzi muuzaji mmoja amenionyesha ya wati elfu moja kwa elfu thelathini, imeandikwa kwa herufi za dhahabu, ina mita ya mshale na kila kitu. Nikaipokea, nikaipima mkononi, nikamuuliza kama jirani yake muuza mchele anaweza kutuazima mizani.