Mtaalamu wa Kobe kutoka Gwarama

Wako Wazungu wanaoamini kwamba Mwafrika huzaliwa anajua mambo mawili: ngoma na wanyama. Mpwa wangu, muuguzi katika mji wa Leeds huko Uingereza, hajui kupiga ngoma. Kwa hiyo bibi mmoja wa mtaani kwake alipohamia kwenye makazi ya wazee yasiyoruhusu mifugo, alimkabidhi kobe wawili wachanga, kila mmoja akienea kiganjani, akashukuru Mungu kwamba sasa viumbe wale wamefika kwa mtu anayewafahamu.

Mpwa wangu amekulia hapa Gwarama, wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kobe aliokuwa akiwajua ni wawili: yule wa kwenye hadithi, na yule aliyekatiza njia ya shuleni msimu wa mvua, darasa zima likachelewa namba. Basi akafanya kama afanyavyo kila mtu wa kwetu anapodaiwa utaalamu wa Kiafrika. Akampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Eti kobe analala na joto kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Kobe wa nani?"

Ilipobainika kobe ni wa nani, ilibainika pia kwamba si Waafrika hata kidogo. Ni kobe wa Hermann, asili yao Ulaya ya kusini: Italia, Ugiriki na majirani zao. Tena ni wanyama wanaolindwa, hawauzwi bila cheti cha serikali, na wakishakua vya kutosha hutiwa chipu mwilini ili wasichanganywe na wengine. Wakati huo karatasi za ukaazi za mpwa wangu zilikuwa bado zinazunguka maofisini. Katika nyumba ile waliokuwa na hati kamili ni kobe peke yao.

Mmoja tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu haanzi kula mpaka amekagua mboga zote. Wa pili tukamwita Karani, kwa kuwa kukaa hakumchoshi.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza: mtu wa Kigoma anajua nini kuhusu baridi? Wenzetu wakisikia Kigoma hufikiria ziwa, mawese, dagaa na jasho. Ziwa liko mbali na sisi. Huku kwenye milima ya Buha, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo na Kakonko, usiku wa Juni na Julai mtu huingia kitandani na sweta, na asubuhi ukungu hulalia migomba mpaka wenye haraka wanapishana barabarani kwa kukohoa. Na mimi hununua vifaranga chotara ambao huja kwa basi kutoka Kahama, ndani ya maboksi yenye matundu, wakiwa wameshasafiri kuliko baadhi ya jirani zangu. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Usiku wa Julai wa Gwarama haujawahi kusikia namba hizo.

Kwa hiyo joto nalijua. Nalijua kwa mkaa, chungu, maranda na boksi la televisheni ya jirani. Nimeshaona vifaranga wakirundikana pembeni kama abiria wa basi la mwisho, wa chini wakafa kwa kubanwa na si kwa baridi. Nimeshaona pia chungu kikikolea mno, wote wakakimbilia ukutani na midomo wazi. Mfugaji wa huku hana kipimajoto, anasoma kuku. Wakirundikana, ni baridi. Wakikimbia moto, umezidisha. Wakitawanyika na kupigana kidogo, mambo ni mazuri, nenda kalale. Ila acha tundu la hewa, maana moshi wa mkaa umeshaua watu wazima, sembuse vifaranga.

Mpwa wangu yeye alikuwa ameanzia upande wa pili, upande wa kununua. Duka moja la wanyama lilimuuzia sanduku la kioo, likamweleza kwamba kobe atakaa humo maisha yake yote kwa raha. Akaweka balbu ya joto, akaniwashia video ya WhatsApp. Nikaona kobe wawili wamejibana kwenye kona ya mbali kabisa, nyuso zimeelekea kioo, wanasukuma.

"Mjomba, nadhani wanapenda kutazama nje."

"Mwanangu, hao wanakimbia. Umewapika."

Kumbe ndivyo. Kioo huziba hewa, joto linajaa humo, na kobe hatoi jasho. Damu ya kobe haijitengenezei joto kama yetu. Akitaka kupata joto husogea, akitaka kupoa husogea tena. Ukimwekea nyuzi 33 sanduku zima, umemnyang'anya kazi yake kuu duniani. Wafugaji wa kule wanaojua kazi hutumia meza yenye kingo, wazi juu: upande mmoja taa inaunguza mpaka nyuzi 30 na kitu, upande wa pili ni nyuzi 20 hivi, katikati mnyama anajiamulia. Nilimwambia mpwa wangu hiyo ni bruda yangu ya kulelea vifaranga, imepunguziwa mkaa na kuongezewa bei.

Taa nayo ina mambo. Joto pekee halitoshi, ni lazima iwepo pia taa ya mionzi ya UVB, ile sehemu ya jua inayomwezesha kobe kutengeneza vitamini D na kutumia chokaa ya kwenye chakula. Akiikosa, gamba linalainika na miguu inapinda. Watoto wetu tungesema wana matege. Na mionzi hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo kumwanika kobe dirishani ni kumwonyesha jua bila kumpa. Halafu kobe anayekua anataka unyevu. Zamani watu waliwakausha wakiamini kobe wote ni wa jangwani, magamba yakaota vichuguu. Sasa huogeshwa kwenye maji ya vuguvugu na kutandikiwa udongo wenye unyevu. Nilimweleza mke wangu kwamba mpwa wetu akitoka zamu ya usiku huchemsha maji ya kuwaogesha kobe. Akauliza kama wanapakwa na mafuta.

Baridi ilipopungua likaja suala la chakula. Kobe wa Hermann haishi kwa matango na nyanya za dukani, anataka magugu. Gugu analolipenda lina maua ya manjano, ndugu wa mchunga wetu huu, na Leeds limejaa kando ya barabara. Jioni moja mpwa wangu, bado na sare za kazini, alikuwa ameinama kwenye nyasi za mtaani anachuma na kutia kwenye mfuko. Kesho yake aligongewa mlango. Jirani, mama mmoja mwenye huruma sana, alikuwa amemletea kikapu kutoka kanisani kwao: mikate, sukari, na makopo ya maharage. Maharage! Mtoto wa Kakonko, aliyeacha nyumbani maharage ya kila rangi gunia kwa gunia, anapewa maharage ya kopo yaliyotiwa sukari. Alijaribu kueleza kwamba majani ni ya kobe. Yule mama akamshika mkono, akamwambia asione aibu.

Sasa friji. Nilipolielezea dukani pale tunapokaa jioni, mzee mmoja alisimama akaenda zake, akisema hata uongo una mpaka.

Kobe wa Hermann kwao hulala majira ya baridi, chini ya ardhi, miezi kadhaa bila kula. Kasisi mmoja wa Kiingereza wa kijiji cha Selborne, Gilbert White, aliandika habari za kobe wake Timothy aliyekuwa akijifukia mwezi Novemba na kuibuka machipuko. Alimpima uzito, akampigia kelele kwa tarumbeta ya kukuza sauti kuona kama atashtuka, Timothy hakujali. Kasisi alifariki 1793, kobe akamfuata 1794, na baadaye wataalamu walipochunguza gamba lake wakakuta Timothy alikuwa jike. Shida ni kwamba udongo wa Uingereza hauna msimamo: leo barafu, keshokutwa joto la kumdanganya kobe aamke. Barafu inaweza kumpofusha, na joto likivuka nyuzi 10 huamka na kuanza kula akiba ya mwili. Kinachoshika nyuzi 5 bila kuyumba, kiko jikoni kwa kila mtu. Kwa hiyo kobe huachishwa chakula majuma kadhaa kisivunde tumboni, huogeshwa, hutiwa kwenye boksi lenye matundu, na boksi huingizwa kwenye friji. Mlango hufunguliwa kila siku kidogo apate hewa, na mara kwa mara hupimwa uzito.

Mpwa wangu alinunua friji dogo la mtumba, akaliweka stoo. Januari akampokea mgeni, kijana wa ukoo wetu anayesoma huko, akamlaza stoo humo humo, naye akaenda zamu. Kijana alitafuta pa kuchajia simu, akakuta soketi moja tu, nayo ina plagi ndani. Akaichomoa.

Usiku wa manane, ndani ya friji lililozimwa, kitu kikaanza kukwaruza.

Mtu wa kwetu akisikia kitu kinakwaruza ndani ya friji usiku hafungui mlango. Anasali, kisha anapiga simu nyumbani. Kwake ilikuwa saa tisa usiku, kwangu saa kumi na mbili asubuhi, nawafungulia kuku. Alinong'ona: "Baba mkubwa, humu ndani kuna nyama imefufuka." Nikamwuliza kama nyama hiyo ina miguu minne na gamba. Kimya. Akauliza nimejuaje, na naamini mpaka leo hajaacha kunishuku.

Bwana Shamba alikuwa ameamka kabisa; Karani alifumbua jicho moja. Kobe akishaamka sawasawa halazwi tena, akiba yake haitoshi kuanza upya. Wakarudishwa mezani chini ya taa, na mwezi huo bili ya umeme ilimfanya mpwa wangu aombe zamu za ziada.

Wakakua. Bwana Shamba akawa anapanda kingo za meza na kuangukia mgongo, na kobe aliyelala chali chini ya taa ya joto hana muda mrefu. Wakahamishiwa bustanini, kwenye banda la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na ndani yake kijumba cha mbao chenye hita na kidhibiti joto kwa ajili ya usiku. Banda la namna hiyo linaweza kupita nyuzi 40 siku moja tu ya jua la Aprili, hata kama nje unavaa koti. Dawa yake ni kidude kisichotumia umeme: bomba lenye nta ndani, nta ikipata joto hutanuka na kusukuma dirisha likafunguka, ikipoa dirisha linajifunga. Hiki ndicho kitu pekee cha Uingereza nilichowahi kukitamani. Kwenye banda la kuku la Gwarama, ambako umeme hukatika wakati wowote unaotaka, kingefanya kazi ya kijana wa kuajiriwa, bila kuomba ruhusa ya kwenda mnadani.

Habari zilipoenea kijijini kwamba Ulaya kobe huwashiwa hita, watoto walianza kuniletea kobe. Ni wale wa huku, ambao wakikomaa gamba lao hupata bawaba upande wa nyuma na kulifunga kama mlango. Wataalamu wamewapa jina la Speke, mpelelezi yule aliyepita nchi hizi akitafuta chanzo cha Nile. Walitaka niwasafirishie Leeds. Nimewarudisha wote, kobe na watoto, kila mmoja alikotoka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki mtu afuge mnyamapori bila kibali, na kobe wa Gwarama hana haja na banda: kiangazi kikimchosha, anajua mwenyewe pa kujificha.

Nawe msomaji, ukijaliwa kumtembelea mpwa wangu kati ya Novemba na Machi, karibu sana, ni mkarimu. Maziwa yako kwenye friji la jikoni. La stoo usiliguse, na chaja yako njoo na betri.