Tumbo Lisitumwe Sokoni

Siku hizi walaji wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya ratiba: jedwali limebandikwa mlangoni mwa friji, Jumatatu uji wa ulezi na yai, Jumanne samaki na mchicha, kila kitu kimepimwa kwa kikombe, na andazi limetajwa mara moja tu, tena kwenye orodha ya maadui. Kambi ya pili ni ya kusikiliza mwili: hawa hula wakisikia njaa, huacha wakisikia shibe, na hawakubali kwamba karatasi inaweza kumjua mtu kuliko tumbo lake. Kambi zote mbili ni karimu wa mawaidha, na zote mbili huangukia mahali pamoja: kwenye kibanda cha chipsi karibu na kituo cha daladala, saa kumi na mbili jioni. Wa ratiba huanguka kwa sababu jedwali lake halikuandika foleni ya magari. Wa kusikiliza mwili huanguka kwa sababu mwili umesema, tena kwa sauti ya kueleweka, chipsi mayai, na pilipili isisahaulike. Nionavyo mimi, wote wana haki, ila wamegawana kazi vibaya. Ratiba iamue kinachoingia jikoni na saa ya kula. Mwili uamue kiasi. Maafa yetu madogo ya kila siku, kuanzia mkanda unaotafuta tundu jipya hadi pakiti ya karanga inayofika nyumbani ikiwa tupu, hutokea pale mmoja anapofanya kazi ya mwenzake.

Tuanze na makosa ya ratiba. Jedwali la chakula huandikwa Jumapili alasiri, na mwandishi wake ameshiba pilau. Atakayelitekeleza ni mtu mwingine kabisa, yule wa Jumatano saa tano asubuhi, aliyetoka nyumbani bila staftahi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wote wawili wanatumia kitambulisho kimoja. Mwaka 1998 Daniel Read na Barbara van Leeuwen walichapisha jaribio lililohusu wafanyakazi wa maofisini mjini Amsterdam. Waliwauliza wachague kitafunwa cha wiki ijayo, tunda au vitu vya aina ya chokoleti na krispi. Wiki hiyo ilipofika wakapewa nafasi ya kuchagua upya, na wengi walioahidi tunda wakaondoka na chokoleti. Ratiba ikizidi kubana, mambo huzidi kuharibika. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa takriban miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioteswa na njaa ya vita. Fikra zao zote zikahamia kwenye chakula. Wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Kifungo kilipolegezwa, wapo waliokula kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba. Basi anayejinyima kuanzia Jumatatu, kisha Jumamosi akaalikwa harusini, asishangae sahani yake ikiwahi kutajwa kwenye kikao cha tathmini cha kamati.

Je, tuuachie mwili kila kitu? Evelyn Tribole na Elyse Resch, wataalamu wa lishe wa Marekani waliokipa mtindo wa kusikiliza mwili kitabu chake mwaka 1995, wana ushahidi wa zamani wa kuegemea. Katika miaka ya 1920 na 1930 daktari wa watoto Clara Davis aliwaacha watoto 15 walioachishwa kunyonya wajichagulie chakula wenyewe. Walitengewa vyakula mbalimbali kutoka kwenye orodha ya aina 34, na wauguzi wakakatazwa kushawishi, kusifu wala kukunja uso. Kila mtoto alikula kwa fujo yake, leo mayai kwa wingi, kesho matunda matupu, na wote wakakua vizuri. Mmoja aliyekuwa na matege alikunywa kwa hiari mafuta ya ini la samaki hadi akapona, jambo ambalo mama yeyote aliyewahi kushika kijiko cha dawa atalipokea kwa mashaka. Lakini Davis mwenyewe alieleza kwamba siri ilikuwa kwenye ile orodha. Hapakuwa na sukari, hapakuwa na vya makopo, hapakuwa na chochote cha kukaanga kando ya barabara. Watoto walikuwa huru, lakini sokoni alikwenda daktari.

Ondoa orodha hiyo uone. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 20 waliokaa kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, na kila mlo waliambiwa wale kadiri wapendavyo. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Hata hivyo, kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Watu walikuwa walewale, na waliusikiliza mwili uleule. Kilichobadilika ni mezani. Au chukua chai yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu wa kawaida, ambazo ni kama vijiko 12 vidogo. Mpenda chai wa vikombe vinne vya vijiko vitatu amefunga hesabu kabla hajagusa andazi, na mwili wake haujapiga hata kengele. Unajua kusema tosha kwa wali na maharage. Kwa chai ya sukari, hunyamaza.

Pia tusisahau kwamba njaa yenyewe hufundishika. Homoni ya ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake, tena hufuata saa ambazo mtu amezoea kula. Ndiyo maana mama wa vitumbua akitokea saa nne asubuhi, ofisi nzima husikia njaa kwa pamoja, kana kwamba kumetoka waraka. Wanaodhani wanausikiliza mwili mara nyingi wanasikiliza mazoea waliyoupa wenyewe. Habari njema ni kwamba mazoea hayo yanaweza kurekebishwa: anayekula kwa saa zilezile huanza kupata njaa kwa saa hizohizo, na ratiba iliyoonekana adui ikawa mwalimu wa tumbo.

Atasimama mtu aseme wazee wetu hawakuwa na ratiba na hawakuugua. Walikuwa nayo, tena kali kuliko ya friji yoyote. Msimu uliamua kinachopikwa, bibi aliamua saa, na mikono ya ndugu sita ndani ya sinia moja iliamua mengine yote. Aliyechelewa alikuta ukoko. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ratiba ni anasa ya mwenye friji, wakati kibarua wa kulipwa kwa siku hula alichokikuta. Ni kweli kwamba majedwali yenye parachichi kila asubuhi na samaki aliyesafiri kwa ndege hayakuandikwa kwa ajili yake. Lakini sahani ya mama ntilie yenye wali, maharage na mchicha, ikiliwa kila siku saa saba, ni ratiba kamili. Kinachovuruga ni vile vidogo vya katikati, soda, biskuti na kashata, ambavyo tumbo halivihesabu kuwa mlo na mfuko hauvihesabu kuwa matumizi. Wapo pia ambao kwao mjadala huu si wa kuchekwa: mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hawezi kungoja njaa imwite, na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula hafai kukabidhiwa jedwali bila mtaalamu. Hao waanze kwa daktari. Makala kama hii isubiri nje.

Kwa sisi wengine, mgawanyo wa kazi umekwisha kubuniwa, ila umepewa watoto peke yao. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter hufundisha kwamba mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani. Mtu mzima naye anaweza kuwa wote wawili: mzazi anapokwenda sokoni, mtoto anapoketi mezani. Anunue akiwa ameshiba, maana mwenye njaa hana miiko. Ale akiwa na njaa, na aache kijiko tumbo likisema, hata kama jedwali linadai bado robo kikombe. Mpango huu una adui mmoja tu asiyeshindika, naye ni shangazi wa shughulini, anayeongeza pilau huku akiuliza kama mtu anaumwa au ana dharau. Mbele yake ratiba haina mamlaka, na tumbo halina wakili. Mtu ale, ashukuru. Kwa anayekula mara tatu kwa siku, wiki ina milo 21, na ratiba inayobomolewa na mmoja kati ya hiyo ilikuwa imejengwa vibaya tangu Jumapili.