Nitrojeni ni ya Ng'ombe

Tuwapongeze wapangaji wetu wa sayansi, maana wana subira. Tangu 1987 dunia inajua kwamba ukisaga oksidi ya itriamu, kabonati ya bariamu na oksidi ya shaba, ukavishindilia viwe kidonge na kukichoma kwenye tanuri la nyuzi 950 hivi, unapata jiwe jeusi linalopitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Sharti lipozwe hadi nyuzi 180 chini ya sifuri.

Nitrojeni ya kimiminika ina nyuzi 196 chini ya sifuri, na Longisa, hapa Kenya, ipo! Hupakiwa kwenye pikipiki, ndani ya mtungi wa daktari wa mifugo, ikahifadhi mbegu za fahali hadi kwa ng'ombe anayetaka kupandwa. Hupita langoni mwa shule bila kusimama. Hiyo ndiyo nidhamu. Ingesimama, mwanafunzi angeona sumaku ikielea juu ya jiwe lile lililopozwa, akauliza kwa nini, na swali hilo hata maprofesa wa Stuttgart, Ujerumani, hawajalimaliza. Ya nini kumsumbua mtoto ambaye anaweza kuchora tanuri vizuri kabisa daftarini?

Wala tusidai sheria. Ile ya sayansi ya 2013 iliupa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Wenzetu wa ng'ambo bado wanahangaika kutafuta kitu kinachopita bila ukinzani katika joto la kawaida. Sisi tulikipitisha bungeni, na tangu siku hiyo hakuna maabara iliyolalamika kuunguzwa na fedha.