Kiroboto Naye Apewe Haki Yake

Simba amechorwa kwenye noti ya elfu mbili, tembo kwenye ya elfu kumi, ilhali hakuna kati yao aliyewahi kulala kitanda kimoja na Mtanzania. Kiroboto amelala nasi miaka nenda rudi, tena upande wenye joto, na hana hata sarafu.

Hapa Kifungilo, wilayani Lushoto, baridi ya Julai ikishuka na ukungu wake, kila mwenye damu hutafuta paa. Watu wanajibana jikoni, mbwa mlangoni, paka juu ya gunia la mahindi. Kiroboto hana mbawa, lakini anamfikia kila mmoja. Mwili wake ni milimita mbili tatu tu, naye huruka kwenda juu hata sentimita 18. Kifuani, juu ya miguu ya nyuma, ana kitu kinachonyumbuka kama mpira. Hukibana, akakifungia, kisha akakiachia ghafla. Mwanariadha gani amefikia rekodi hiyo bila kocha?

Msifuni pia kwa malezi. Mayai yake ni laini, yanateleza kutoka kwenye manyoya ya mbwa hadi vumbini, nyufani na kwenye mkeka. Vibuu wakitoka, wanakuta akiba: kinyesi cha wazazi, ambacho ni damu yetu iliyokauka. Ukitaka kuiona akiba hiyo, chana paka, zile chembe nyeusi ziweke kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Zitatoa wekundu. Baadaye kibuu hujifungia ndani ya kifuko na kusubiri, hata miezi, mpaka asikie mtikisiko wa nyayo na joto la mwili. Ndiyo maana mtu akirudi kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, soksi zake nyeupe hupata madoa yanayotembea. Mwenye nyumba anamlaani mbwa. Jamani, mbwa ni basi tu. Abiria wengi bado wako stendi.

Na unyenyekevu wake! Tauni ilipoingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miongo miwili na kuwapata watu zaidi ya 7,000, jina lililotajwa kila kona lilikuwa la panya. Kiroboto, anayeibeba kutoka mwili hadi mwili, alinyamaza. Mwaka 2007 watafiti walichapisha waliyoyakuta katika vijiji 12 vya Usambara Magharibi: kati ya viroboto walionaswa majumbani, zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa kiroboto wa binadamu, na vijiji vilivyozoea tauni vilikuwa naye kwa wingi zaidi. Hapa mwenye kusifu anameza mate, maana walioota mitoki kinenani wengine hawakuinuka tena.

Maadui zake ni wachache na hawana makuu: ufagio wa kila siku unaofika uvunguni, maji ya moto, sakafu ya saruji isiyo na ufa, mahindi yaliyowekwa mbali na kitanda. Dawa ya mbwa inasaidia, ikienda pamoja na hayo. Lakini wengi wetu tunamwogesha mbwa Jumamosi kwa mbwembwe, majirani wakishuhudia, kisha tunamtandikia gunia lake lile lile, halijafuliwa tangu mavuno. Kiroboto hana sababu ya kuhama.