Rimoti ya Ukoo Mzima

Mama mkwe aliingia kutoka Tanga Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi rimoti ya king'amuzi ikafa. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Nasema tu ndivyo yalivyofuatana.

Rimoti ya televisheni yenyewe ilikuwa nzima. Lakini tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni bila king'amuzi ni kioo cha kujitazamia. Na king'amuzi chetu ni cha aina ile isiyo na kitufe hata kimoja usoni. Bila rimoti kinabaki kwenye chaneli kilipolala. Chetu kililala kwenye kipindi cha ufugaji wa kambale. Mama alikitazama saa nzima, mikono mapajani, kisha akauliza kwa upole: "Baba Zuhura, hawa samaki wanaisha saa ngapi?"

Nikatoa betri, nikazisugua kwenye suruali, nikaziuma kidogo, nikazianika dirishani. Nikaipiga rimoti makofi ya mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Wapi! Mke wangu akashauri aitwe fundi. Fundi wa nini, na mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita? Nikadandia daladala hadi Kariakoo.

Kijana wa dukani akanitolea rimoti ndefu kama mwiko wa shughuli. "Mzee, hii ni ya ukoo mzima. TV, king'amuzi, deki, yote inaamrisha. Elfu saba." Nikalipa elfu sita, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Majina ya kampuni yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na namba zake. Grundig wamo, tena na namba tele. Telefunken, televisheni ya marehemu babu, wamo. King'amuzi changu, kinachouzwa kila kona ya mji huu, hakimo.

Ikabaki njia ya kubahatisha. Unabana kitufe cha SET mpaka taa nyekundu iwake na isizimike, unabonyeza cha kuwashia, na rimoti inaanza kutuma namba zake zote moja baada ya nyingine, kama mgeni aliyepotea anayebisha hodi kila mlango. Chombo kikizimika, unatakiwa ubonyeze papo hapo ili namba ile ishike. Subira ya mvuvi, kidole cha mpiga gitaa. Mimi sina hata kimoja.

Televisheni ikazimika, ile ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikaiwasha, nikaanza upya. King'amuzi kimya, taa yake inaniangalia tu. Mara nikasikia ukelele kutoka nyumba ya pili: "Aaah! Jamani!" Alikuwa Baba Kulwa. Simba walikuwa wanacheza.

Kwetu madirisha yanatazamana, katikati kuna uchochoro wa kupita mtu na ndoo yake. King'amuzi chetu kiko chini kidogo ya dirisha, kwa hiyo kila nilipokielekea, nilikuwa namwelekea na Baba Kulwa. Mwanga wa rimoti macho hayauoni, ila kwenye kioo na wavu wa mbu unapenya bila kupiga hodi. Nilimzimia mara tatu kabla sijaelewa. Ya tatu nilisikia akimwambia mkewe kwamba huu sasa ni ushirikina wa Yanga. Nikainama chini ya dirisha. Yanga ndiyo timu yangu, na mtaa mzima unajua.

Ndipo Zuhura, mwenye miaka kumi na mbili, akasema, "Baba, leta simu." Akawasha kamera ya mbele, akaielekezea rimoti mpya, akabonyeza. Kwenye skrini kikamulika kijitaa cha zambarau. Kwa hiyo elfu sita yangu ilikuwa inafanya kazi. Akachukua ile ya zamani, iliyokwisha kuombolezwa, akabonyeza. Zambarau tena, tena kali zaidi.

"Hii nzima, baba."

Mama mkwe akatua kikombe. "Sasa kama hii inasema, nani hasikii?"

Wote tukageukia king'amuzi. Juu yake, kikishuka mpaka usoni, kilitandazwa kitambaa cha maua ya waridi, kimefumwa kwa mkono na kutiwa bitana nzito ya kijani. Mama alikifuma mwenyewe, akaja nacho zawadi, na mke wangu alikitandika Ijumaa usiku kwa heshima yake. Kilikuwa kimefunika lile jicho la kupokelea mwanga, barabara kabisa.

Hakuna aliyesema neno. Mke wangu alitazama dari. Mimi ndiye niliyevunja ukimya: "Lakini kimependeza, Mama."

"Kimependeza," akakubali.

Atakuwa nasi mpaka mwisho wa mwezi. Kila anapotaka kubadilishiwa chaneli, nainuka, nainua ukingo wa kitambaa kwa vidole viwili kama bwana harusi anayefunua shela, nabonyeza, nakishusha polepole. Yeye wakati huo hutazama pembeni.